Ombi la Chumba cha Chini

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuamua watu walale wapi. Nilikaa mapokezi katika hoteli ndogo ya kitalii mteremkoni juu ya Masama, pale migomba inapokwisha na msitu unapoanza. Ilikuwa na vyumba ishirini, vimejengwa kwa madaraja matatu kufuata mlima. Vya chini vilikuwa jirani na ukumbi wa chakula na mahali pa kuegesha magari. Vya juu kabisa vilikuwa sita, ukingoni mwa msitu, na ili ufike huko ulipanda ngazi za mawe hamsini na nne. Wazungu walivigombania hivyo vya juu, kwa sababu asubuhi ya anga safi ulikiona kilele cha Kibo ukiwa umelala kitandani, bila hata kuinua kichwa.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, wakati watu binafsi walipoanza kuruhusiwa kufanya mambo yaliyokuwa ya serikali peke yake, na hoteli za namna hiyo zikawa zinaota kila upande wa mlima. Wageni waliweka nafasi kwa faksi au kwa barua, na kila mmoja alikuwa na ombi lake. Mmoja aliomba chumba ambacho kitanda kimeelekezwa kaskazini. Mwingine aliomba asipewe jirani upande wa kushoto, maana alikuwa analalia sikio la kulia. Mke na mume fulani waliomba vyumba viwili vilivyo mbalimbali lakini vinavyotazama mlima uleule. Meneja wetu, mwanamume wa makamo aliyefundishwa kazi Nairobi, alitupa jibu moja la kumwandikia kila mtu: "Ombi lako limepokelewa." Hatukuandika limekubaliwa. "Kupokea ombi si kuahidi kitu," alisema. "Mgeni akifika, tunaangalia."

Aliyekuwa anaangalia ni mimi.

Sikuchelewa kugundua utamu wake. Chumba namba tano kilikuwa nyuma ya jenereta. Namba kumi na nne kilikuwa chini ya tangi la maji lililodondosha matone juu ya bati mpaka asubuhi. Mgeni aliyeniita kwa kugonga vidole nilimpa namba tano. Aliyenisahihisha Kiingereza changu mbele ya wenzake nilimpa kumi na nne. Kuna bibi harusi mmoja kutoka Dar es Salaam aliyenipigia simu akaongea nami kama anaongea na mfagizi wa bwawa. Yeye na mumewe niliwapa chumba chenye vitanda viwili vyembamba vilivyofungwa kwa bolti sakafuni, kila kimoja na ukuta wake. Niliwakabidhi ufunguo kwa tabasamu, nikawatakia fungate njema.

Nilikuwa na mwenzangu wa zamu, mwanamke aliyenizidi miaka michache. Hakuwa Mchagga. Wazazi wake walitoka mkoa mwingine zamani kufuata kazi ya kukata miwa, naye alizaliwa na kukulia huko chini tambarare, kwenye nyumba za wafanyakazi wa mashamba. Sisi wa mlimani tulikuwa na namna ya kuwasema watu hao, na yeye aliisikia akajifanya haisikii. Alikuwa hodari kuliko mimi. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, Kiingereza chake kilinyooka, na mgeni akimwomba kitu alikihangaikia kama ameombwa na mama yake. Alikuwa na mtoto mmoja wa kike, akisoma shule ya msingi huko kwa bibi yake. Baba wa mtoto hakuwepo. Mshahara ule ndio uliokuwa unawalisha wote watatu.

Mwaka mmoja, masika yakiwa yamekaza na hoteli karibu tupu, ilifika barua ya mkono katika bahasha ya kaki. Mwenzangu ndiye aliyeifungua. Alinisomea kwa sauti kwa sababu ilimfurahisha jinsi ilivyoandikwa.

Mwandishi alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mkazi wa Kibosho. Alisema kijana wake aliyeko Dar es Salaam amewalipia yeye na mkewe siku nne hotelini kwetu, zawadi ya yubilei yao ya ndoa ya miaka hamsini. Kisha akaandika hivi: "Naomba kwa unyenyekevu tupatiwe chumba cha chini, karibu na ukumbi wa chakula. Mke wangu alipatwa na kiharusi na hawezi ngazi. Endapo hakuna nafasi chini, tafadhali nijulisheni mapema, tusije tukawasumbua."

"Mzee wa watu," mwenzangu alisema. "Ona anavyoomba msamaha kabla hajakosa." Akafungua daftari, akaandika kwa penseli: namba mbili, chini, mgonjwa. Akatia saini yake fupi pembeni kama kawaida yetu, akaniachia barua niijibu, akaenda kula.

Niliivuta barua karibu. Sikuhitaji kufika kwenye jina. Ile herufi ya K yenye mkia, ile M yenye vilima viwili sawasawa, nilikuwa nimezisoma miaka miwili katika masahihisho ya madaftari yangu huko Masama, maana zile za ubaoni sikuziona.

Yule mzee alikuwa mwalimu mkuu wetu nilipokuwa darasa la sita na la saba. Alikuwa na utaratibu wa kutukalisha kufuatana na alama: wa kwanza mbele, wa mwisho nyuma kabisa, ukutani. Mimi nilikuwa nyuma. Na nilikuwa nyuma kwa sababu macho yangu hayakuona ubao, ingawa wakati huo hakuna aliyelijua hilo, na mimi nilidhani watu wote wanaona ukungu kama ninaouona mimi. Siku moja nilijikaza nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, naomba nikae mbele. Huku sioni."

Aliniita kwa kidole. Nilipofika, alinishika kisogo, akanisukuma taratibu mpaka pua yangu ikagusa ubao.

"Hapo unaona?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Basi kaa hapo hapo."

Nilisimama pua ubaoni vipindi viwili vya hesabu. Aliandika kulia kwangu na kushoto kwangu, akifuta anapotaka, vumbi la chaki likiniingia puani na mdomoni. Darasa zima lilicheka mpaka likachoka, na likaanza tena. Nilijikojolea. Nilipogeuzwa, uso wangu wote ulikuwa mweupe na miguu yangu imelowa, na nilipachikwa siku ile jina la utani ambalo sitaliandika hapa, kwa sababu wapo watu wa Masama wanaolikumbuka hadi leo. Mtihani wa darasa la saba nilifeli. Miwani nilikuja kuipata nikiwa na miaka kumi na tisa, kwa masista walionifundisha upishi na kupiga taipu.

Nilijibu barua ya mzee siku ileile. "Ombi lako limepokelewa." Kisha nikachukua kifutio, nikafuta namba mbili na maneno ya mwenzangu, nikaandika kumi na tisa. Saini yake sikuifuta. Barua ya mzee niliikunja nikaitia kwenye pochi yangu badala ya kwenye faili.

Ningependa kusema kwamba nilifanya hivyo kwa hasira. Sikuwa na hasira. Nilikuwa na furaha, na mchana ule nilikula vizuri.

Walifika na teksi ya kukodi kutoka Moshi, mvua ikinyesha ile ya manyunyu isiyokatika. Mwenzangu alikuwa mapumzikoni siku hiyo. Mzee alishuka kwanza. Alikuwa amevaa koti la suti la rangi ya udongo, pana kuliko mwili uliobaki ndani yake. Nilikuwa nimemkumbuka mrefu sana. Alifungua mlango wa nyuma, akamtoa mkewe kidogo kidogo, mguu mmoja, mwingine, akamkalisha kwenye kiti cha mapokezi na kumfuta mvua usoni kwa leso. Mama yule upande wake mmoja ulikuwa umelala kabisa. Mdomo ulikuwa umekwenda pembeni. Alikuwa amevaa gauni jipya la kitenge na amesukwa nywele kwa ajili ya safari.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," mzee alisema. Hakunitambua. "Tuliandika barua."

"Ndiyo, tuliipata. Karibuni sana. Mtakuwa namba kumi na tisa." Nikaonyesha kwa mkono juu, kwenye ukungu.

Alitazama ngazi. Alizitazama zote, mpaka zilipopotelea.

"Niliomba chini, mwanangu. Mama hawezi."

"Pole sana, mzee. Vya chini vyote vimejaa."

Nyuma yangu palikuwa na ubao wa funguo. Kila ufunguo ulikuwa na kigogo chake cha mti chenye namba, na ufunguo ukining'inia maana yake chumba ni kitupu. Mzee aliinua macho kutoka usoni kwangu, akautazama ule ubao. Nilimwona anavisoma vile vigogo kimoja kimoja, midomo ikicheza. Namba moja ilikuwepo. Mbili ilikuwepo. Tatu, nne, sita, saba. Nje kwenyewe hapakuwa na gari hata moja zaidi ya teksi yao. Alimaliza, akarudisha macho kwangu. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kujibu. Nilitamani aseme kitu, anigombeze, apige meza, ili nimwambie taratibu kwamba ombi si ahadi.

"Aha," alisema. "Vimejaa."

"Vimejaa, mzee."

Mkewe aliuliza kitu kwa ule ulimi wake mzito. Sikukielewa. Mzee aliinama sikioni kwake, akamjibu kwa Kichagga, polepole na kwa sauti ya uchangamfu ambayo sikuwahi kumsikia nayo darasani. Alimwambia wamepewa chumba cha juu kabisa, kile wanachopewa wakubwa, kwa heshima ya yubilei. Upande mmoja wa uso wa yule mama ukacheka.

Wabeba mizigo wawili walisogea wambebe. Alitikisa kichwa, akavuta gauni magotini. Hakutaka kushikwa na wanaume asiowajua. Mzee aliwashukuru, akawaomba wachukue sanduku tu. Kisha akachuchumaa mbele ya kiti, akamwinamisha mkewe mgongoni kwake, akapitisha khanga chini ya makalio yake na kuifunga kifuani, kama kina mama wanavyobeba watoto. Alijaribu kusimama akashindwa. Alijaribu tena, akishika ukingo wa meza yangu, vidole vyake vikiwa karibu na mkono wangu, na akasimama.

Niliwatazama kupitia dirishani mpaka juu. Alipumzika mara saba. Kila alipopumzika aliegemea ukuta wa mawe bila kugeuka, na mkewe alikuwa anamfuta mvua kichwani kwa ule mkono wake mzima.

Kesho yake mwenzangu alirudi kazini, akafungua daftari.

"Mbona wako kumi na tisa? Mimi niliwaandika mbili."

"Mzee mwenyewe alibadilisha alipofika," nilisema. "Anataka mama auone mlima."

"Mlima gani, na wingu lote hili?"

"Ndivyo alivyotaka. Ungekuwepo ungemsikia."

Alinitazama, lakini akaamini. Alikuwa mtu wa kuamini.

Mama hakushuka kula hata mara moja, kwa hiyo chakula kilipelekwa. Mchana wa siku ya pili nilichukua sinia mwenyewe. Nilitaka kuona. Mvua ilikuwa imenyamaza, lakini dirishani palikuwa peupe tupu, hata miti ya karibu haikuonekana. Mama aliketi kwenye kiti kuelekea huko kwenye weupe, mapajani amefunikwa blanketi. Mzee alikuwa anamkata kucha.

"Mtori wa ndizi huo," nilisema. "Laini, hata bila kutafuna."

"Aika, mwanangu," yule mama alinishukuru kwa Kichagga, na safari hii nilimwelewa. Alinivuta mkono. Alikuwa na la kunieleza na alilitoa neno kwa neno, mate yakimtoka, mzee akimfuta. Alisema tangu aolewe hajawahi kulala nje ya nyumba yake ila hospitali. Alisema mumewe amewafundisha watu wengi na hakuna aliyewahi kumkumbuka. Alisema Mungu atubariki kwa kuwapa chumba cha heshima.

Mzee hakuinua kichwa. Aliendelea na kidole gumba.

Jioni ile, bado mwanga upo, alishuka peke yake, akaja kusimama mbele ya meza yangu.

"Mwanangu, wewe ni wa wapi?"

"Masama."

"Nilifundisha Masama." Akasogea karibu. "Nilikufundisha?"

"Ndiyo, mwalimu."

Akanitazama usoni kwa makini, kama mtu anayesoma maandishi yaliyofifia. Nikavua miwani ili nimsaidie. Alitikisa kichwa.

"Nilikufanyia nini?"

Niliyashika maneno yote mdomoni, ubao na chaki na mkojo, nikaona nikimpa nitakuwa nimemwonea huruma. "Hukunifanyia kitu, mwalimu," nilisema.

"Basi kama chumba cha chini kitapatikana kesho, tutashukuru. Si kwa ajili yangu."

"Nitaangalia."

Kesho yake sikuangalia. Nilijiambia kwamba nitawashusha siku ya mwisho, usiku mmoja tu, ili nione atakavyonishukuru. Na siku ya mwisho ilipofika nilijiambia kwamba usiku mmoja hauna maana, kuwahamisha ni kuwasumbua.

Asubuhi ya kuondoka ilinyesha tena. Teksi ilikuwa imefika. Mwenzangu na mimi tulikuwa mapokezi, na wote wawili tuliwaona wakianza kushuka, yeye mbele ameinama, mkewe mgongoni, khanga ileile. Kushuka na mzigo ni kubaya kuliko kupanda. Walipita vyumba vya daraja la kati salama. Kama ngazi kumi kutoka chini, mguu wake wa kulia uliteleza ukamtangulia. Hakupiga kelele. Kitu nilichokiona, na ambacho mwenzangu pia alikiona, ni kwamba alipokuwa anaanguka alijipindua ili mkewe aangukie juu yake. Alitua kwa nyonga kwenye kona ya jiwe. Mlio wa mfupa ulitufikia ndani.

Mama hakuumia zaidi ya mkwaruzo. Alilala juu ya mumewe katika mvua, amefungwa kwake, hawezi kujinasua, akilia kwa ule mdomo wa upande mmoja mpaka tulipowafikia na kulifungua fundo.

Kijana wao alipiga simu kutoka Dar es Salaam siku ya tatu. Baba yake alikuwa hospitalini mjini Moshi, amevunjika nyonga. Kijana alisema baba aliomba chumba cha chini kwa maandishi na nakala anayo, maana baba yake alikuwa mtu wa kuweka nakala. Alitaka kujua nani aliyempeleka juu. Meneja alituita ofisini sote wawili, daftari likiwa wazi mbele yake.

"Saini hii ni ya nani?"

"Yangu," mwenzangu alisema. "Lakini mimi niliandika namba mbili. Mzee mwenyewe alipofika alisema anataka juu."

"Ulimsikia?"

"Sikuwepo." Akanigeukia. "Wewe si ndiye uliyeniambia?"

Ninakumbuka saa ya ukutani ya ofisi ile, na harufu ya koti la meneja lililolowa. Ninakumbuka pia kwamba nilikuwa na nafasi ya kutosha kabisa ya kufikiri. Kauli niliyoitoa haikuniponyoka. Niliichagua.

"Mimi sijamwambia kitu kama hicho," nilisema. "Nilikuta daftari limeandikwa kumi na tisa, nikawapa kumi na tisa."

"Na barua iko wapi?" meneja aliuliza. "Faili halina barua."

"Yeye ndiye aliyeifungua."

Mwenzangu aliondoa macho kwenye daftari. Hakunishambulia. Alinitazama tu, na nikaona kabisa hatua alizopitia ndani ya kichwa chake: kwanza akadhani nimesahau, kisha akadhani ninaogopa na nitasema sasa hivi, kisha akafika kwenye ukweli. Meneja alisema jambo kuhusu watu wa miwa na uongo wao. Mimi sikusema. Lakini nilitingisha kichwa, kidogo tu, kama anayesikitika.

Aliondoka kabla ya chakula cha mchana. Alikunja sare yake vizuri akaiacha mezani. Alipopita mbele yangu alisema neno moja, "Dada," si kwa hasira, kama mtu anayemwita mwenzake aliyeko chumba cha pili. Sikuitika.

Wiki ya pili meneja alinituma hospitali na kikapu cha matunda, kwa niaba ya hoteli. Mzee alikuwa kitandani, mguu umevutwa kwa uzito, ndevu nyeupe zimeota. Wodi ilikuwa imejaa, wengine wawili wawili kitandani. Niliuliza habari za mama.

"Kijana amemchukua Dar es Salaam," alisema. "Nani angembeba? Weka matunda hapo."

Niliweka. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima.

"Mwalimu, vyumba vya chini havikuwa vimejaa."

"Nilijua siku ileile."

"Kwa nini hukunibishia?"

"Mbele yake?" Alihema kidogo kwa maumivu. "Na nilidhani ukishashiba utatushusha."

Basi nikamwambia. Nilimweleza ubao, vipindi viwili, watoto walivyocheka, jina waliloniita. Nilieleza yote kwa sauti ya chini kwa sababu ya wagonjwa wengine. Alinisikiliza macho yakiwa darini.

"Ulikuwa huoni kweli?"

"Nilikuwa sioni."

"Ungesema."

"Nilisema, mwalimu."

Nesi alipita, akarekebisha ule uzito, akaenda.

"Nimelala hapa sina kazi nyingine," alisema mwishowe, "nimejaribu kukukumbuka. Nimewapitisha wote, mwaka kwa mwaka. Sikukumbuki, mwanangu. Hata sasa umeniambia, sikukumbuki." Alilisema bila ubaya wowote. Alionekana anaona aibu, kama mwenyeji aliyekosa kiti cha kumpa mgeni. "Kama nilifanya, nisamehe. Lakini mke wangu alikukosea nini?"

Nilitoka wodini. Mwalimu hakutembea tena. Nilisikia baadaye kwamba mkewe alifia Dar es Salaam mwaka huohuo, na kwamba yeye hakuwapo ilipofika saa hiyo, na jeneza lilipoletwa Kibosho alitolewa nje kwa kiti akalingojea kwenye migomba. Sikwenda mazikoni.

Mimi niliendelea na kazi. Nafasi ya mwenzangu haikujazwa, kwa hiyo niliongezewa mshahara, na baada ya muda meneja alipohamia Arusha nikawa msimamizi wa mapokezi yote. Kompyuta ilikuja, faksi zikapungua. Mwenzangu nilimwona mara moja tu, Bomang'ombe, siku ya soko, amepanga nguo za mitumba juu ya turubai. Aliniona kabla sijageuka. Aliendelea kukunja suruali aliyokuwa anaikunja.

Miaka ilipita. Mwaka elfu mbili ukiwa umeshaingia, tulitangaza nafasi moja ya mapokezi, na nikawa miongoni mwa wawili tuliowasaili waombaji. Waliitwa wasichana tisa. Wa sita alikuwa mrembo wa kimya, amevaa sketi nyeusi iliyopigwa pasi mpaka inang'aa. Fomu yake nilikuwa sijaisoma vizuri. Alijibu maswali yote kwa Kiingereza kilichonyooka. Tulimpa mfano wa mgeni anayelalamika kuhusu chumba, naye akasema angemhamisha kwanza na kumwomba radhi baadaye. Mwenzangu wa usaili aliandika alama za juu kabisa.

"Wazazi wako wanafanya kazi gani?" niliuliza.

"Mama anauza nguo Bomang'ombe. Zamani alifanya kazi hapahapa, mapokezi." Akatabasamu. "Hajui kama nimekuja. Alinikataza nisiombe hapa, hakusema kwa nini. Nimeona hoteli nyingine hazina nafasi."

Nikamtazama vizuri. Mwandiko kwenye fomu ulikuwa uleule wa mama yake.

Niliwaza haraka kuliko nilivyowahi kuwaza. Akipata kazi atamwambia mama yake. Mama yake atamwambia sababu. Halafu kila asubuhi atakuja, atanipa shikamoo, na atakaa kwenye kile kiti upande wangu wa kulia.

"Asante, mwanangu," nilisema. "Tutakuandikia."

Alipotoka mwenzangu wa usaili alisema, "Huyu hapa. Hatuna haja ya kuwaona wengine."

"Ana kiburi," nilisema. "Mama yake nilifanya naye kazi. Alifukuzwa kwa uongo."

Akakata alama zake kwa mstari mmoja. Nilikwenda dirishani. Msichana alikuwa amesimama getini na mlinzi, viatu vya usaili mkononi ili visiingie tope, amevaa kandambili, akimuuliza magari ya kushuka Bomang'ombe yanapita saa ngapi. Mlinzi alimwonyesha kibanda cha kungojea magari. Akamshukuru, akaenda kukaa. Nami nikarudi mezani, nikamwita wa saba.